Drili Iliyokatwa Mkia

Nichekeni tu, jamani. Mzee Masanja, mwenye karakana yetu ya useremala Nyarugusu, alinituma Shinyanga mjini nikachague drili, maana mimi ndiye mjuaji. Dukani nikawekewa mbili, za kampuni tofauti. Moja haikuwa na waya.

"Hii wezi wameikata mkia!" nikamkaripia muuzaji.

"Ni ya kuchaji, kaka. Hata kwa betri ya lori."

"Mimi natoboa mninga, siendeshi lori!"

Nikanunua yenye waya mrefu, nikaisifia kwa abiria wa basi zima. Nilipofika, mafundi wote wakanizunguka. Nikaukunjua waya kwa madaha. Mzee Masanja akaushika mwisho wake, akatazama kuta zote nne, kisha taa ya chemli iliyoning'inia darini.

"Sasa mwanangu, niuchomeke kwenye chemli?"