Bu Ngatinem Haangalii Ala

Saa mbili asubuhi, Bu (yaani Mama) Ngatinem yuko kibandani kwake pembeni mwa soko la Solo, mji wa kisiwa cha Java, uso ameugeuzia ukutani.

"Livue jambia ala yake, uifiche kikapuni," anamwambia mteja. "Ukimaliza, niite."

Mteja ni Pak (yaani Bwana) Darsono, mwalimu mstaafu wa miaka 73. Anacheka. "Bu, nimekuja kwa fundi au kwa mtoto anayecheza kombolela?"

"Kwa fundi aliyewahi kuumbuka."

Kazi ya Bu Ngatinem ni kutambua keris, yale majambia ya ukoo, yalifuliwa wapi. Miaka 31 iliyopita aliona ala ya Solo, akatamka Solo. Kumbe chuma kilikuwa cha Bali, na mwenye jambia akamcheka soko zima likisikia. "Ala watu wanabadilisha kama nguo," anasema. Tangu siku ile haiangalii.

Leo neno lake lina uzito. Marehemu baba yake Pak Darsono alikuwa akisimulia kwamba babu wa ukoo wao alitoka kisiwa cha Madura na keris hii tu mkononi. Binamu zake wanabisha: ala ni ya Solo, basi na babu ni wa Solo. Pak Darsono anataka kujua kama ana ndugu ng'ambo wa kuwatafuta kabla hajafa.

Bu Ngatinem analiinua jambia hadi kwenye paji la uso, kwa heshima. Analipangusa kwa ndimu mpaka mistari yake myeupe inajitokeza. Analipapasa kwa kidole gumba, analigonga kwa ukucha, anasikiliza.

"Fundi wa Solo angelisugua liteleze. Hili linakwaruza, na uzito umelalia chini. Ni la Madura, Pak."

Pak Darsono anavua miwani.

"Ila chuma kinasema kilipozaliwa," anaongeza Bu Ngatinem. "Aliyekibeba sikumwona."

"Yanitosha kukata tiketi."

Bu Ngatinem anapokea rupia elfu hamsini. Kuna wiki hapati mteja hata mmoja, na hula kwa tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, anazokaanga binti yake. Majambia ya Madura ameyatambua zaidi ya mia mbili. Madura kwenyewe hajafika. Pembeni ana kopo la biskuti anamoweka nauli kidogo kidogo.

"Nataka nikayaone majiko ya wafua chuma wao kwa macho yangu," anasema.

"Twende wote, Bu," anasema Pak Darsono. "Nikiwatilia shaka hao ndugu, utawagonga kwa ukucha usikilize."

Bu Ngatinem anacheka, mkono ukiwa tayari umeshafungua kopo.