Ngazi Kabla ya Praha

Kila asubuhi jirani yangu wa ghorofa ya sita, hapa mtaani Perry Barr, huipita lifti na kupanda ngazi, mkono mmoja ukishika goti linalomuuma, mwingine ukibeba mfuko wenye chupa mbili za maji. Akifika ghorofa yangu, ya nne, husimama na kuhesabu pumzi zake vidoleni kama anayevuta uradi. Maulid wa ghorofa ya chini humtania: "Bi mkubwa, lifti imeshapona!" Naye humjibu, "Basi ipande wewe, mgonjwa mwenzake."

Nilijua atasafiri Oktoba, wiki nzima, tangu aliponiomba nimsomee ramani ya mji wa Praha. Hakuuliza makasri wala makumbusho. Kidole chake kilifuata njia moja tu, ya kupanda. Jana mfuko ulimponyoka, nikauokota. Kando ya chupa palikuwa na mrashi wa fedha, umeviringishwa kwenye kanga. Nikajikaza nikamuuliza anajizoeza kwa ajili ya nini.

"Kaka yangu alikwenda kusoma kule, akafia kule," alisema. "Kaburi lake liko kilimani. Miaka arobaini sasa, hakuna aliyekwenda kulimwagia marashi."