Mwandiko wa Chama

Niliporudi Kivinje kutoka shule ya serikali ya Tanga, nilikuwa na cheti chenye muhuri wa tai, na sikupewa na mjomba wala na chama. Baba yangu alikuwa mchoma chokaa. Nauli ya chombo nililipia kwa kuteka maji na kusugua sufuria, na darasani Wadachi wenyewe walinisifu. Basi boma likanipa kazi ya kuwafundisha vijana waliokuwa wakijifunza ukarani.

Vijana hao walikuwa na chama chao. Kila jioni walikaa barazani kwa mkubwa wao, mtoto wa tajiri aliyeuza utomvu wa mpira, wakinywa kahawa na kugawiana vyeo. Mgeni akija kujifunza walimtafutia pa kulala, wakamwazima kanzu safi ya kwendea bomani, wakamsaidia hesabu zilizomshinda. Hayo wakayaita kuinuana. Mimi niliona watu walioegemeana kwa kuwa hakuna aliyeweza kusimama.

Siku moja Bwana Shauri, mkuu wa boma, alisifu mwandiko wa mkubwa wao. Chama kikaamua wote waandike vilevile, ili sifa iwe ya wote. Wakakazana hata mimi mwalimu wao nisijue tena karatasi ipi ya nani.

Aliyeniuma moyo ni kijana mmoja wa Miteja. Kijiji chao kilichomwa na askari wakati wa Maji Maji, na baada ya moto ikaja njaa. Mama yake alikuwa bado huko, akila ming'oko aliyoichimba porini. Ikatoka nafasi ya karani Lindi, mshahara na chumba, na kijana akaitaka ili amtoe mama yake. Alikuwa na mwandiko wake mwenyewe, uliosimama wima, mzuri kuliko wa wote kabla hawajamharibu.

Tukawapa mtihani. Bwana Shauri akazipanga karatasi mezani, uso ukamwiva.

"Hizi ameandika mtu mmoja," akaniambia. "Kesho wataandika mbele yangu. Nikiuona tena mwandiko huu, nafasi nampa mtu wa Dar es Salaam."

Jioni nikaenda barazani kuwaambia. Mkubwa wa chama hata kikombe hakukiweka chini.

"Tukiandika sote mbele ya macho yake, ataona si wizi, ni elimu."

"Ataona ni ujinga," nikasema, kisha nikamgeukia kijana wa Miteja. "Wewe andika kama ulivyoandika siku ya kwanza."

"Akiacha mwandiko ameacha chama," mkubwa akadakia. "Mama yake akifika hapa atapokewa na nani, mwalimu? Na cheti chako?"

Wakacheka. Kijana hakucheka.

"Mwalimu, wewe ukiugua nani anakupikia uji?"

"Nalipa mtu."

"Mimi sina cha kulipa."

Kesho yake waliandika wote mwandiko uleule, wamenyoosha migongo kama maharusi. Bwana Shauri hakumaliza hata kuzisoma. Nafasi ikaenda Dar es Salaam.

Mama wa kijana akaja baadaye kwa miguu, mifupa mitupu. Chama kikampatia chumba kwa mjane mmoja, uji ukatoka nyumba hii leo na nyumba ile kesho. Lakini tumbo lilikuwa limekwisha kukataa chakula. Walishona sanda, wakachimba kaburi, wakasoma hitima, na mji mzima ukawasifu.

Makaburini mkubwa wao alinisogelea.

"Umekiona chama, mwalimu?"

"Nimekiona. Kuzika mnajua. Mngemwacha mwanawe aandike, mama huyu angekuwa Lindi, anakula wali."

Akaenda kuwahimiza wenzake wabebe majembe. Kijana wa Miteja alikuwa akiwapa mkono mmoja mmoja, akiwashukuru kwa machozi. Sikungoja anifikie.