Wembe Butu na Ukingo wa Uvimbe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja kule Temeke, Mkuu wa Maabara alinipa wembe na bonge la nta. "Kata," akasema, "mpaka niweze kusoma gazeti kupitia hapo." Vinyama vilivyotolewa kwa wagonjwa tulivigandisha ndani ya nta, tukavikata vyembamba kuliko karatasi, kisha tukavipaka rangi juu ya kioo ili daktari avitazame kwa darubini. Nilikata wiki nzima ndipo akaridhika.

Miaka yangu ya mwisho kazini ilinikuta Kinondoni. Daktari Bingwa wetu wa patholojia, yule anayesoma vinyama kwa darubini, kijana wa umri wa mwanangu, alikuwa anajaribu programu ya kompyuta ya kupima ukingo wa uvimbe. Alinieleza kwa koliflawa: ukichomoa kishada kimoja, kinafanana na ua zima, ukichomoa kidogo zaidi, bado kinafanana. Maumbo ya hivyo huitwa fraktali. Saratani nyingi huota hivyo, mikunjo ndani ya mikunjo, na kompyuta huipa mikunjo hiyo namba. Namba ikipanda, wasiwasi nao unapanda.

Asubuhi moja namba ya uvimbe wa titi la mama mmoja wa Mbezi Luis ilikuwa juu mno. Kwa darubini Daktari alikuwa anasitasita, lakini namba ile ikamsukuma. Akaanza kumwandikia daktari wa upasuaji. Titi lingeweza kukatwa. Nikaitazama picha kwenye skrini. Mistari myembamba ilipita sambamba, ikatokeza hadi nje ya nyama. Kinyama cha kioo kile nilikikata mie, na nilibakiza miezi michache nistaafu.

"Daktari, huo ni wembe wangu," nikasema. "Ulikuwa butu, umeuchana ukingo."

Akaacha kuandika. "Una uhakika, Mama?"

"Wa wembe, ndiyo. Ugonjwa utausema wewe nikishakata upya."

Nikafunga wembe mpya kwenye mashine ya kukatia, nikakata. Namba ikashuka. Daktari akatazama kwa darubini, akamwita mwenzake naye atazame. Haikuwa saratani. Yule mama akatolewa uvimbe peke yake.

Nilingoja karipio. Badala yake Daktari akabandika karatasi ukutani: picha isiingie kwenye kompyuta kabla aliyekata hajaikagua.

Sasa napumzika Madale. Huenda kuna vioo vingine nilivyoviharibu bila kujua, na hilo hunijia mara mojamoja. Yule mama sikuwahi kumwona; sie wa maabara wagonjwa tunawajua kwa fomu tu, umri na mahali wanapokaa. Nikienda sokoni, huwa nawatazama wanawake wa rika lake wakichagua nyanya, nikawaza huenda ni mmoja wao, kisha nami nachagua zangu.