Miche yangu ya nyanya ilikufa kwa maji, tena hapa Garissa

Wakuu, salaam alaykum, na wale wa bara habari zenu. Leo nawaletea yaliyonipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi.

Kwanza mnijue. Shule niliacha darasa la tatu. Nimeendesha mkokoteni wa punda Hagadera, nimeuza maji, nimeuza viatu, na leo nina duka langu la mbegu na dawa za shamba. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kwa hiyo nikisema kitu nakijua, nakijua.

Msimu huu kina mama wanaolima kando ya mto Tana walinipa order ya miche ya nyanya. Mwenyekiti wao, Mama Halima, alinitazama usoni.

"Walaal, ndugu yangu, mvua ikikaribia na huna miche, usitupigie simu. Tutaenda kwa yule wa Madogo."

Yule wa Madogo ni mpinzani wangu. Afadhali nifunge duka.

Sasa, huku nje huwezi kuotesha. Jua linakaanga, na kinachobaki mbuzi wa jirani wanamaliza. Nikatoa makochi chumba cha wageni, nikapanga trei, nikazifunika kwa nailoni.

Mbegu zikaota vizuri mpaka nikapiga picha nikaweka status. (Niliifuta baadaye, msiitafute.)

Haikuchukua muda, udongo ukaanza kuwa kijani juu, unateleza kama tangi la maji lisilooshwa. Vijidudu vyeusi vinarukaruka. Halafu miche ikaanza kulala, shina limesinyaa pale chini kama limefungwa uzi.

Nikalaumu udongo. Nikampigia aliyeniuzia mbegu, nikamwambia maneno ambayo mods hawataruhusu hapa.

Nikatoa nailoni, nikawasha feni, nikaacha kabisa kumwagilia.

Kesho yake nagusa udongo: chapachapa. Feni inazunguka, joto la Garissa mnalijua, na udongo umelowa. Wallahi nilianza kushuku nyumba ina majini na mashetani.

Kumbe jibu ninalo nyumbani. Alasiri nikamuona hooyo, mama yangu mzazi, amemaliza kutawadha, birika mkononi. Maji yaliyobaki anayamimina kwenye trei, moja baada ya nyingine, huku anaisemesha miche.

Hooyo amekulia Eldas, kule kwenye ukame, akichunga ngamia. Kwake kumwaga maji ovyo ni dhambi. Na swala ni tano kwa siku, pigeni hesabu.

"Hooyo, hayo yanatosha."

"Yanamtosha nani? Umewawashia upepo, umewanyima maji, halafu unashangaa wanaanguka."

"Wanaanguka kwa sababu ya maji."

"Tangu nizaliwe sijaona kiumbe kimeuawa na maji Eldas. Hilo duka limekuharibu kichwa."

Kumkataza mama? Mimi si mjinga hivyo. Nikatumia akili.

Nikakwangua ule utando wa kijani, nikanyunyiza mchanga mkavu wa mto juu. Nikaongeza matundu chini ya trei, nikaziinua juu ya matofali karibu na dirisha. Pembeni nikaweka beseni.

"Hooyo, sasa inakunywa kwa mizizi. Mimina humu."

Akaridhika. Udongo ukikauka juu, naichovya trei kwenye beseni inywe kutoka chini, kisha naitoa. Maji yanayobaki wanakunywa mbuzi.

Iliyolala haikuamka, wakuu, nisiwadanganye. Nikapanda tena kwenye mapengo, na mawingu yalipoanza kukusanyika miche yote ilikuwa imesimama.

Mama Halima akaja, akatingisha shina kwa kidole. Imara. Akauliza nani ameitunza.

Kabla sijafungua mdomo, hooyo akajibu: "Mimi. Huyu alitaka kuiua kwa kiu."

Kina mama wakamshukuru, wakamuombea dua, wakabeba trei zao. Mimi nikawashikia mlango.

Funzo: mche wa ndani hauoni kiu haraka kama wa nje. Ingiza kidole kwenye udongo, ukikuta unyevu acha. Ukiona kijani, peleka hewa na mwanga kwanza, lawama baadaye.

Haya, nyie mnaootesha ndani, kuanzia Mandera mpaka Mombasa: ukijani mnaumaliza vipi, na wazee wenu mnawaambiaje? Nasoma comments zote.