Misumari Kwenye Albamu ya Gwiji

Kwanza tuelewane: mwanamke huyu hakuwa mwanamuziki, na ungemwambia ni mwanamuziki angecheka mpaka misumari imtoke mdomoni. Misumari yenyewe ilikuwamo kweli. Fundi wa sofa anayeijua kazi yake hachukui msumari mmoja mmoja kwenye kopo kama mtu anayechambua mchele. Anajaza kiganja, anatupia mdomoni, anausukuma mmoja kwa ulimi mpaka kwenye midomo, nyundo yenye sumaku inaudaka, ta! Mwingine, ta! Kwa hiyo karibu kutwa nzima Fundi, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, hakuweza kumjibu mtu. Mumewe aliihesabu hiyo kuwa neema kubwa katika ndoa yao.

Mumewe ndiye mwanamuziki. Gwiji. Jina hilo alijipa mwenyewe akiwa na miaka ishirini na nne, na watu wakalizoea kama wanavyozoea jirani mwenye kelele. Alipiga bluzi: nyimbo za mwanamume aliyeachwa, aliyefukuzwa, aliyenyeshewa. Yeye hajawahi kuachwa wala kufukuzwa, na mvua ikianza ndiye wa kwanza kukimbilia ndani. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye kigoda chake kwenye kona ya karakana, karibu na marundo ya sponji, akilia na gitaa lake, huku mkewe akivalisha makochi ya watu vitambaa vipya na kulisha nyumba.

Albamu yake ya mwisho ilitoka enzi za kaseti. Mwaka huu akaamka na nyimbo kumi mpya, akaazima kinasa sauti, akakiweka juu ya gunia la sponji na kumgeukia mkewe.

"Mama watoto, siku tatu tu. Nyundo ipumzike."

Fundi akatema misumari kiganjani. "Viti ishirini vya kliniki ya meno vinatakiwa Jumatatu. Wagonjwa wasimame na meno yao mabovu kwa sababu wewe umeachwa?"

Gwiji akaguna, akarekodi hivyo hivyo, nyundo ikigonga. Na hapa ndipo ulipo ujinga ambao wangeweza kuufanya hawa wawili tu. Alipoirudia kuisikiliza, mara tatu nzima, hakusikia nyundo hata kidogo. Masikio yake yalikuwa yameacha kuisikia tangu watoto wao wakiwa wanatambaa. Akaona kazi ni safi. Akaipeleka kituo cha redio na karatasi yenye mwandiko wa madaha: Gitaa na sauti, Gwiji. Hakuna mwingine.

Jumamosi mchana redio ikapiga albamu nzima, kisha wasikilizaji wakaitwa watoe maoni kwa simu, Gwiji mwenyewe akiwa studio amevaa koti la harusi. Fundi alibaki karakana na mkono wa kochi mapajani, redio juu ya meza ya kukatia vitambaa, roho ikimdunda kwa niaba ya mumewe.

"Sauti ya mzee wetu imekuwa kama mlango wa stoo," alisema wa kwanza. "Lakini basi, hata mlango wa stoo una watu wake."

"Wimbo wa tatu na wa nne ni wimbo mmoja," akauliza wa pili, "au redio yangu ndiyo mbovu?"

Wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu. "Huyo mwanamke anayemwacha kila wimbo, mimi namwelewa kabisa."

Fundi alichekea puani, kwa sababu ya misumari. Alimwona akilini Gwiji wake kule anavyotokwa na jasho, akamhurumia, akaona hata hivyo mwalimu amesema kweli. Ndipo akapiga simu mzee mmoja mwenye sauti nzito.

"Mimi nimepiga ngoma kwenye bendi miaka kumi na minane. Nataka kujua, huyo anayegonga nyuma ya gitaa ni nani? Mwangalieni mtu huyo. Gitaa likichelewa anasubiri. Likipotea analirudisha. Jamani, huyo ndiye albamu!"

Basi ikawa ndiyo hiyo. Simu baada ya simu, wote mgongaji, mgongaji. Mmoja aliapa amerudia wimbo wa sita mara nne, na gitaa hata halikumbuki. Nyundo ya Fundi ilibaki hewani. Aliisikiliza redio kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye umati, na uso ukamwaka. Maisha yake yote hajawahi kusifiwa na mtu asiyesubiri kochi.

Sasa alitaka kitu kimoja tu. Mumewe aseme. Maneno matatu: ni mke wangu.

Kule studio Gwiji akakohoa. "Ile... ile ni mashine," akasema. "Siku hizi kuna mashine."

Fundi nusura ameze msumari. Akaitema yote, akazima redio. Ilimuuma, tusifiche, ilimuuma kuliko alivyotegemea. Simu yake ikaita, dadake Gwiji huyo.

"Wifi! Ndugu yangu amenunua mashine lini, mtu ambaye hata pasi inamshinda?"

"Muulize yeye, wifi."

Gwiji alirudi na habari kubwa. Redio inamtaka Jumamosi ijayo tena, apige moja kwa moja hewani, aje na mashine yake. Alisema hivyo akiangalia viatu. Mkewe hakumjibu, na safari hii mdomo ulikuwa mtupu.

Jumatatu asubuhi nyundo ilitundikwa ukutani. Fundi alikuwa ameazima ile bunduki ya kupigia pini inayotumia umeme. Gwiji alishika gitaa, akaanza. Pwaa! Akaruka. Akaanza tena. Kimya. Kimya. Pwaa-pwaa!

"Mke wangu, ndiyo nini hiyo?"

"Mashine," alisema Fundi. "Siku hizi kuna mashine."

Siku tatu mfululizo Gwiji hakumaliza wimbo. Vidole vilijikwaa, akaimba mstari wa pili kabla ya wa kwanza, akalaumu nyuzi, akanunua nyingine, akazilaumu na hizo. Alhamisi akaliweka gitaa chini, akaja kukaa sakafuni karibu na miguu ya mkewe, magoti yakilia.

"Sikujua," alisema. "Haki ya Mungu, sikujua kama unasikika. Ni pale studio ndipo nimekusikia kwa mara ya kwanza. Nikaona aibu."

"Ulinionea aibu mimi? Fundi wa makochi?"

"Aibu yangu mimi. Miaka yote najisifu kwamba sipotezi mpigo. Kumbe ni wewe unaniokota."

Machozi yalimtoka Fundi, akayafuta kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Lakini hakulainika kihivyo. "Uliniita mashine kwenye maikrofoni. Sasa usije kuniomba radhi hapa kwenye sponji, ambapo anayesikia ni mimi na paka."

Jumamosi Fundi akaenda naye. Alibeba nyundo na kiti kimoja cha kliniki, cha ishirini na moja, kilichoongezwa baadaye. Walipofika mbele ya maikrofoni, akatupia kiganja kizima cha misumari mdomoni na kufunga midomo.

"Karibu tena, mzee wetu," alisema mtangazaji. "Hiyo mashine iko wapi?"

Gwiji akamtazama mkewe. Alisubiri, kwa mazoea, kama alivyosubiri kila mara aliposahau pa kuingia, na kila mara yule mwanamke akamjazia nafasi kwa msumari mmoja. Safari hii hakujaziwa. Mtangazaji akaanza kugusagusa vitufe.

"Ni mke wangu," Gwiji akasema. Akavuta pumzi. "Hakuna mashine. Niliwadanganya."

Ta! Nyundo ikashuka, gitaa likaifuata, na watu waliosikiliza siku ile walisema mzee hakuchelewa hata mara moja. Huo ni uongo, alichelewa mara mbili.

Wimbo ulipoisha mtangazaji akasogeza maikrofoni. "Mama, kila mtu ametoa maoni kuhusu hii albamu, wewe tu ndiye hatujakusikia. Unasemaje?"

Fundi akaanza kutema misumari kiganjani, mmoja mmoja, na redioni ilisikika yote ikidondoka. Hakuwa na haraka.

"Nyimbo ziko kumi," alisema. "Na zote kumi ameachwa. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake."

Kisha akarudisha misumari mdomoni, kwa sababu kiti cha watu kilikuwa hakijaisha.