Mama Mkanda na Maharage ya Mbegu

Kwenye lile shamba kubwa walimwita Mama Mkanda, kwa sababu hakuonekana kazini bila mkanda wa akiba wa kombaini, ile mashine ya kuvunia, kuning'inia begani kama mkoba. Aliingia pale msichana, akishona magunia. Akapanda akawa mtu wa kupaka mashine grisi, akapanda tena akawa dereva, na siku wenye shamba walipochoka na kombaini moja kuukuu iliyogeuka banda la kuku, akauza ng'ombe wake wa maziwa akainunua. Marehemu mumewe alimnunia mwezi mzima. Mama Mkanda hakubishana naye. Alimwekea chai ya rangi mezani, akarudi chini ya mashine na spana zake.

Tangu hapo akawa mkandarasi. Ngano alivuna, mahindi alivuna, lakini maharage walimnyima, maana yale yalikuwa ya mbegu, na punje iliyopasuka haioti. Akamganda meneja mpaka meneja akachoka kumkwepa. Mwisho akapewa shamba moja, kwa sharti: limalizike kabla ya mvua na punje zitoke nzima. Akishindwa, kazi yote ya maharage inakwenda kwa mwingine. Na huyo mwingine hakuwa mbali. Kombaini yake nyekundu, mpya, ilikuwa imeegeshwa pembeni mwa shamba, na mwenyewe amekaa kwenye kivuli chake, amevaa miwani yake ya jua ambayo hata mvua ikinyesha haivui. Kwa hiyo walimwita Miwani.

Jana yake visu vya trekta vilikuwa vimeng'oa maharage na kuyalaza kwa mistari. Kila mvunaji anajua kinachofuata: unaingia na umande, ganda likiwa limelegea. Jua likishika, ganda linakakamaa. Ukiligusa tu linafumuka na kumwaga punje chini. Lakini asubuhi hiyo Mama Mkanda alifika akakuta upepo mkavu. Akatia mkono ndani ya mstari, akaufinya umande kati ya vidole. Ulikuwa mwembamba, wa kuondoka mapema. Akamwambia mkwewe, ambaye ndiye dereva wa trekta, aachane na habari ya kuvuna kwanza. Afunge reki, akusanye mistari miwili iwe mmoja.

Mkwe akakohoa. Kumbishia mama mkwe si kazi ndogo, na huyu mama mkwe alikuwa pia ndiye mwajiri wake.

"Samahani mama, umande wenyewe ndio huu. Tukiumaliza kwa reki, tutavuna na nini?"

"Na utakaojificha chini ya mstari mnene. Funga reki, baba."

Basi saa nzuri ya kuvuna ikapita trekta ikikokota reki. Miwani akauliza kwa sauti kama leo mama anavuna au anafagia, na wapakiaji wakacheka. Mama Mkanda akamjibu kwamba anafagia, na yeye aendelee kukishikilia hicho kivuli kisije kikakimbia. Meneja alikuja amekunja uso, akakumbusha kuwa hakumpa shamba la kuchezea. Akaambiwa arudi jua likiwaka.

Jua lilipowaka, Mama Mkanda alibadilisha puli, gurudumu la mkanda, ili ngoma ya kupuria izunguke taratibu isipasue punje, akaingia. Juu ya mstari maganda yalikuwa yameanza kukakamaa. Chini yalikuwa bado laini, na yale makavu yalipovutwa pamoja na laini yakaingia ndani bila kumwaga kitu. Meneja akachota konzi nzima kutoka kwenye tangi, akageuza punje moja moja, akazirudisha kimya. Kwa mtu ambaye hufungua mdomo kwa lawama tu, hiyo ilikuwa sifa.

Tatizo likatokea upande mwingine wa mbingu. Mchana wingu lilisimama nyuma ya bwawa, jeusi, na halikuwa na adabu ya kusubiri. Mama Mkanda alitazama mistari iliyobaki, akatazama wingu, akajua kombaini yake haifiki. Mkwe alipanda ngazi akamnong'oneza aongeze mwendo wa ngoma kidogo tu, nani ataona? Akamjibu kwamba punje zitakapokataa kuota, ataona kila mtu. Alitaka sana kulimaliza shamba lile peke yake. Akazima mashine, akashuka, akamwendea Miwani.

"Washa, ingia tumalize."

"Nikusaidie nipate nini? Mvua ikinyesha, kazi ni yangu."

"Mvua ikinyesha maharage yanaozea chini, na meneja mwakani anapanda mahindi. Utavuna harufu. Ingia sasa, msimu ujao tugawane kazi ya maharage. Upande wa barabara wako, wa bwawa wangu."

"Wa barabara una mawe, mama."

"Ndiyo maana nampa mwenye mashine mpya."

Miwani akacheka bila kupenda. Akataka upande wa bwawa, akakataliwa; akataka nusu ya upande huo, akapewa, na ule wa barabara nao ukakatwa katikati. Sharti la mama likabaki moja: ngoma izunguke taratibu kama yake, na atakayepasua punje amepasua fungu lake mwenyewe.

Meneja akawakuta wanapeana mikono. Akauliza tangu lini kazi ya shamba lake inagawiwa na makandarasi.

"Ulitaka limalizike, na punje nzima," alisema Mama Mkanda. "Hukusema kwa mashine ngapi. Msimu ujao kila mmoja nusu. Hutaki, tunakaa wote watatu tutazame mvua."

Meneja akaangalia wingu. Lilikuwa limeshameza ukingo wa bwawa.

"Nusu kwa nusu," akasema. "Washeni."

Zikaingia mbili, nyekundu nyuma ya kuukuu, kwa mwendo wa kuukuu. Matone ya kwanza yaligonga paa za mashine mstari wa mwisho ukiwa tayari tumboni. Meneja akachota kutoka matangi yote mawili, akatikisa kichwa kukubali, akakimbilia gari lake.

Mkwe alikuwa juu ya tela akifunika maharage, na roho ilikuwa inamuuma.

"Lakini mama, si ulikuwa unaitaka kazi yote?"

"Nilikuwa naitaka. Vuta turubai upande wako, linaingiza maji."